Kulea Mwanariadha Asichakae Kabla ya Wakati Wake

Mhadhara uliotolewa Arusha mbele ya walimu wa michezo, makocha, wazazi na wanachuo. Umechapwa kama ulivyosemwa, kwa marekebisho machache.



Nawashukuru walioandaa shughuli hii kwa kunialika, na zaidi kwa kulipa somo hili jioni nzima. Kwa kawaida mazoezi ya watoto hupewa dakika kumi mwishoni mwa semina, watu wakiwa wameshaanza kuulizia posho.

Nimekuja kusema jambo moja. Kocha wa watoto asipimwe kwa medali alizoleta mwanafunzi wake akiwa na miaka 15. Apimwe kwa wangapi kati ya watoto wale wale bado wanakimbia, wanaruka au wanatupa wakiwa na miaka 23. Nitalijenga hilo kwa hoja nne. Ya pili ni ndefu kuliko wenzake, kwa sababu ndiyo inayogusa kazi ya kila siku uwanjani, na huko ndiko naona tunapotea zaidi.

Lakini kwanza turudi nyuma kidogo. Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu aliingia uwanjani akiwa na Mjerumani Amanal Petros mbele yake, na baada ya kilometa 42 na ushei wakamaliza wote wakiandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48. Picha ya mstarini ndiyo iliyoamua, kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde: 0.03. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Najua wengi humu mlipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna msiba gani. Mimi naomba tuuangalie umri. Simbu alikuwa na miaka 33. Mwaka 2016, kwenye Olimpiki ya Rio, alikuwa wa tano. Mwaka 2017, kwenye mashindano ya dunia ya London, alipata shaba. Dhahabu ilimfikia miaka minane baada ya shaba.

Mtoto aliyezaliwa mwaka 2013, ambaye leo tunamkimbiza kwenye viwanja vya shule za msingi, atafikisha umri huo mwaka 2046. Nani humu ndani ana mpango wa mazoezi ulioandikwa 2046? Naona mnacheka. Basi tushushe: nani ana mpango unaovuka UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ya mwaka huu?

Najua nitajibiwa kwamba Filbert Bayi hakusubiri miaka 33. Ni kweli. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3:32.2 akiwa na miaka 20, akiongoza tangu mlio wa bastola, John Walker wa New Zealand akimfukuzia nyuma. Emmanuel Wanyonyi wa Kenya naye alichukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 800 mjini Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 20, siku chache tu baada ya kuitimiza. Mbio za kati huiva mapema kuliko marathoni, sibishani na hilo. Ila hata miaka 20 si miaka 14, na ugomvi wangu uko kwenye hiyo 14.

Hoja ya kwanza: umri wa karatasi na umri wa mwili ni vitu viwili

Chukueni wavulana wawili wa darasa moja, wote wamezaliwa mwaka 2012. Mmoja kazaliwa Januari, mwenzake Desemba. Kwenye fomu ya mashindano wako kundi moja. Uwanjani wanapishana karibu mwaka mzima wa kukua. Na hilo ndilo dogo. Wavulana kwa wastani hurefuka kwa kasi kubwa kabisa wakikaribia miaka 14, wasichana wakikaribia 12, lakini wapo wanaotangulia na wapo wanaochelewa kwa miaka miwili au zaidi. Ndiyo maana kwenye mstari mmoja wa mita 100 utamkuta kijana mwenye sauti nzito na kivuli cha ndevu, na pembeni yake mwenzake ambaye ungedhani ni mdogo wake wa darasa la nne. Wa kwanza atashinda mbio, atashinda tufe, atashinda kuruka juu, na mwalimu ataandika kwenye ripoti kwamba kipaji kimegunduliwa. Kilichogunduliwa pale ni homoni.

Miaka mitatu baadaye wenzake wanamfikia kimo na nguvu. Yeye amezoea kushinda kwa mwili, hakuwahi kulazimika kujifunza namna ya kukanyaga wala namna ya kugawa nguvu zake, kwa hiyo anaanza kushindwa bila kuelewa kimetokea nini. Anaacha. Yule mdogo, ambaye pengine ndiye aliyekuwa na mapafu na moyo wa kazi hii, tulishamtema ngazi ya kata na hakuna aliyeandika jina lake popote. Tunapoteza wawili kwa mpigo.

Na hapa niseme lile ambalo huwa linasemwa kwenye korido tu. Tunapofoji umri, tunapomleta kijana wa miaka 18 akimbie na wa 15, watu hudhani tumeiibia timu pinzani. Kwanza tumemwibia yule wa 15 wa kwetu aliyeachwa nyumbani. Halafu tumejiibia sisi wenyewe, maana daftari la kocha likishakuwa na umri wa uongo, kila hesabu ya mazoezi inayofuata ni ya uongo. Walimu wa hesabu watanielewa.

Dawa ni rahisi na haihitaji bajeti. Ukuta, rula na penseli. Kila baada ya miezi mitatu mpime kila mtoto urefu, bila viatu, visigino vikigusa ukuta, na uandike. Ukiona ameongezeka sentimita 2 au zaidi katika miezi hiyo mitatu, jua yuko kwenye kipindi cha kurefuka. Mguu wake umerefuka kabla misuli haijapata habari. Atajikwaa, atakosea ubao wa kurukia, atapoteza mdundo aliokuwa nao Machi. Usimwite mvivu wala usimwongezee mazoezi ya adhabu. Mpunguzie miruko na mbio za kasi kali kwa wiki kadhaa, mrudishe kwenye mazoezi ya ufundi na mizani ya mwili, na umweleze kinachoendelea, maana yeye mwenyewe ana hofu kwamba amekwisha.

Hoja ya pili: msingi kwanza, masafa baadaye

Sisi wa ukanda huu tuna urithi unaotupumbaza kidogo. John Stephen Akhwari, yule wa Olimpiki ya Mexico 1968 aliyemaliza marathoni na goti lililofungwa bandeji, ametoka Mbulu. Bayi ametoka Karatu. Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978, ametoka Hanang. Kwa hiyo mwalimu akiona mtoto mwembamba kutoka huko, hata hajamwona akikimbia, ameshaamua: huyu ni wa mbio ndefu. Kesho yake anamtuma akimbie mpaka njia panda na kurudi. Baada ya miezi sita mtoto yuko kwenye mbio za barabarani za kilometa 21, amebandikwa namba kifuani, ana miaka 14, na kuna bahasha ya fedha mwishoni.

Tuangalie wenye mchezo wenyewe wanasemaje. Mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 18 yalifanyika mara ya mwisho jirani hapa, Kasarani, Nairobi, mwaka 2017. Ukiacha mashindano ya kutembea, umbali mrefu kuliko wote uwanjani ulikuwa mita 3000, na mbio za kuruka viunzi na maji zilikuwa mita 2000 badala ya 3000 za wakubwa. Marathoni si ya kundi la chini ya miaka 20 kabisa. Hawa si watu wasiopenda mbio ndefu. Wanajua kwamba mifupa ya kijana bado ina sehemu laini karibu na ncha, ambapo inaendelea kurefuka, na kwamba kugonga lami mara maelfu kila siku kunapiga pale pale.

Lakini sababu kubwa kwangu ni ya upande wa pili: kile ambacho mtoto hajifunzi wakati anatembezwa kilometa. Kasi na ufundi wa kukanyaga hushika vizuri utotoni. Pumzi inaweza kuongezwa mtu akiwa na miaka 20, akiwa na 25, akiwa na 30. Mtu aliyejengwa kwa kilometa tupu tangu darasa la sita huwa na mwendo mmoja, na mwendo mmoja haushindi kitu siku hizi. Igaweni ile mita 1500 ya Bayi kwa mizunguko ya mita 400: kila mzunguko ni chini ya sekunde 57. Wangapi kwenye shule zetu za sekondari wanaweza kukimbia mzunguko mmoja tu kwa muda huo? Na kule Tokyo, baada ya zaidi ya saa mbili barabarani, medali iliamuliwa kwa kukata mbio katika mita za mwisho. Asiye na kasi angekuwa wa pili, na tusingekuwa na hadithi ya kusimulia.

Mwangalieni Faith Kipyegon. Mwaka 2011 alikuwa bingwa wa dunia wa chini ya miaka 18 wa mita 1500, mwaka 2012 bingwa wa vijana wa chini ya 20, umbali ule ule. Akabaki na mita 1500 mpaka dhahabu tatu za Olimpiki, Rio, Tokyo na Paris, na mwaka 2025 akashusha rekodi ya dunia hadi 3:48.68. Alipotwaa ubingwa wa dunia wa mita 5000 huko Budapest, mwaka 2023, alikuwa na miaka 29. Alipanda ngazi ya masafa taratibu. David Rudisha naye alianza na mita 400. Brother Colm O'Connell ndiye aliyemshauri ajaribu 800. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana, na mwaka 2012, kwenye Olimpiki ya London, akakimbia 1:40.91.

Nisimame hapo kwa Brother Colm, kwa faida ya mwalimu yeyote humu anayejiona mdogo. Alifika Iten kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuwa na cheti cha ukocha wa riadha. Alichokuwa nacho ni macho na uvumilivu wa kukaa mahali pamoja miaka mingi, akiwatazama vijana wakikimbia na kuwauliza maswali. Basi asije mtu akaniambia kwamba hatuna wataalamu kutoka nje.

Sasa mazoezi yenyewe yaweje? Kati ya miaka 10 na 13, mtoto afanye kila kitu: mbio fupi, kupokezana vijiti, kuruka chini, kuruka juu, kutupa, kuvuka viunzi vya fito zilizolazwa juu ya matofali, fito ambayo ikiguswa inaanguka bila kumwangusha mtoto. Akifika 14 au 15, muone anaegemea kundi gani, la kasi na miruko, la mbio za kati au la mitupo, ila asiachwe kugusa mengine. Umbali au mchezo wake hasa ungoje miaka 16, 17, na hata hapo usiwe wa kufungiwa. Najua baadhi yenu mnawaza: kwa mchezo huo nitapeleka nani mkoani mwaka huu? Utapeleka, na wengine utashindwa. Nimesema tangu mwanzo kwamba napima kitu kingine.

Niwape mfano mmoja kwa karibu, maana maneno ya jumla hayamfundishi mtu. Kuruka chini. Shule nyingi mtoto anaambiwa "kimbia uruke", anakimbia kutoka popote, anafika kwenye ubao akipunguza hatua kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka, anaruka kwa mguu wowote. Mwalimu anapima sentimita na kuondoka. Mimi namfanya hivi. Namsimamisha kwenye ubao, mgongo ukielekea mchanga, mguu wake wa kurukia ukiwa pale pale juu ya ubao. Namwambia akimbie kurudi kule anakotoka, kwa nguvu yake ya kawaida, hatua 11, huku wenzake wakihesabu kwa sauti. Hatua ya kumi na moja inapotua, mwenzake mmoja anaweka kijiti cha mti ardhini. Tunarudia mara tatu, nne, vijiti vinakaribiana. Katikati ya vijiti hivyo ndiyo alama yake. Sasa anageuka na kukimbia kuelekea mchangani kutoka pale, macho yakitazama mbele juu ya shimo, kwa sababu hana haja tena ya kuutafuta ubao. Hatua zinajua njia. Akikanyaga mbele ya ubao, alama inarudishwa nyuma nusu unyayo. Akiwa nyuma ya ubao, inasogezwa mbele. Mtoto anaelewa kwamba mruko unaanzia mbali na mchanga, na anaelewa kwa miguu yake. Na wale waliokuwa wanahesabu wamejifunza pia, bila kuruka hata mara moja.

Gharama ya somo hilo ni kijiti.

Mitupo nayo ina kilio chake. Shule ina mkuki mmoja, gramu 800, wa wanaume wakubwa, na kila mtoto anaurusha huo huo, msichana wa miaka 13 akiwemo. Bega linaumia, kiwiko kinaumia, na mbaya zaidi anajifunza kurusha kwa kuzungusha mkono pembeni kwa sababu hawezi kuunyanyua juu ya sikio. Vipimo vipo na viko wazi. Kwa chini ya miaka 18, mkuki wa wavulana ni gramu 700 na wa wasichana gramu 500. Tufe la wavulana kilo 5, la wasichana kilo 3, wakati wanaume wakubwa hutupa kilo 7.26. Watoto wa chini ya hapo wapewe vifaa vyepesi zaidi. Gunzi la hindi lililokauka, ukilichomeka manyoya matatu ya kuku upande mmoja, linaruka sawasawa na linamrekebisha mtoto lenyewe: akirusha vibaya, linapinduka hewani. Julius Yego wa Kenya alijifunza mkuki kwa kutazama video kwenye YouTube, na mwaka 2015, Beijing, akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Na tusisahau ya kwetu. Theresia Dismas alileta medali ya mkuki kutoka Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965, kabla hata ya ile marathoni ya Akhwari kule Mexico. Kwamba nchi hii imekuja kujiona ni ya wakimbiaji wa mbio ndefu tu ni mazoea ya baadaye, wala hayana msingi.

Hoja ya tatu: mwili unajengwa wakati umelala na umekula

Hii nitaipitia kwa haraka zaidi, ila msinisikilize kwa haraka.

Tuna desturi ya kambi. Mtoto hafanyi lolote la maana tangu Januari, halafu mashindano yakikaribia anaingizwa kambini, mazoezi asubuhi na jioni kila siku kwa wiki tatu. Wiki ya pili nyonga inauma, muundi unauma, wiki ya tatu anafungwa bandeji na kupelekwa hivyo hivyo. Afadhali siku tatu au nne kwa juma, mwaka mzima, kuliko wiki tatu za kufa na kupona. Kipimo ambacho makocha wengi wa vijana hukitumia ni chepesi kukumbuka: saa za mazoezi kwa juma zisizidi miaka ya mtoto. Wa miaka 12 asivuke saa 12, na humo hesabuni na mpira anaocheza mtaani. Awe na siku moja au mbili za kupumzika kila juma, na jumla ya miezi miwili au mitatu kwa mwaka ambayo hagusi mchezo wake kabisa.

Maumivu yana alama zake. Kijana akikuonyesha uvimbe mgumu chini kidogo ya goti, mbele, mahali kano ya goti inaposhika mfupa, na akaruka kwa uchungu ukipagusa, hiyo ni dalili ya kawaida ya umri wa kukua kwa wanaoruka na kukimbia sana. Huisha na umri, mradi upunguze miruko na kumsikiliza. Usimkande kwa mafuta ya moto halafu ukamrudisha mstarini. Maumivu yanayomwamsha usiku, au yanayomfanya achechemee akitembea tu, hayo ni ya hospitali.

Usingizi. Kijana anahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku. Wakuu wa Shule za bweni, nawaomba radhi, lakini kengele inalia saa 10:30 alfajiri na taa zinazimwa saa 5 usiku. Hesabu hiyo haifiki hata 6. Kwa wanariadha wenu angalau, taa zizimwe mapema.

Na chakula. Mwanafunzi amekula ugali na maharage saa 7 mchana, mazoezi ni saa 10 jioni, anamaliza saa 12, chakula cha usiku saa 1:30. Kiazi kitamu cha kuchemsha au ndizi mbili kabla ya mazoezi, karanga au maziwa mara tu baada ya mazoezi. Hatuzungumzii unga wa makopo. Kwa madini ya chuma, dagaa na maharage pamoja na ndimu au chungwa, na chai isinywewe pamoja na mlo, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Mama lishe wa shule ni sehemu ya benchi la ufundi. Mwalikeni kwenye vikao vyenu.

Hoja ya nne: msichana hajapewa kocha ili awe mali ya kocha

Hapa naomba wanaume wa ukumbi huu, na mimi nikiwemo, tukae vizuri.

Msichana anayefanya mazoezi makali na kula kidogo anaweza kukosa hedhi miezi mingi. Kuna makocha wanaolifurahia hilo, wanaliona kama dalili kwamba amekaza. Ni dalili kwamba mwili umekosa nguvu ya kujiendesha, na mifupa yake inadhoofika katika miaka ile ile ambayo ilitakiwa kuweka akiba ya maisha. Miezi mitatu bila hedhi, aende kituo cha afya, na mazoezi yapunguzwe. Kama kocha mwanaume haoni aibu kumuuliza msichana kuhusu muda wake wa mita 800 lakini hawezi kuliongea hili, awepo mwalimu wa kike anayeliongea. Na maneno ya uzito, "wewe umenenepa" mbele ya wenzake, yakome. Yanaharibu zaidi ya jeraha la paja.

Jingine ni usalama wake. Agnes Tirop wa Kenya alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015, Guiyang, akiwa na miaka 19. Oktoba 2021 aliuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Wanariadha wenzake walianzisha taasisi ya Tirop's Angels kwa ajili ya wasichana wanaonyanyaswa. Haya hayaanzi siku ya msiba. Huanzia pale mtu mzima anapopewa funguo zote za maisha ya binti: mazoezi yake, chakula chake, simu yake, pesa zake, safari zake. Kwa hiyo taratibu ziwe za maandishi na ziwahusu wote, hata yule kocha tunayemheshimu kuliko wote. Hakuna kocha kulala nyumba moja na wanariadha wa kike. Hakuna kumkanda msichana chumbani mlango umefungwa. Safari ya timu yenye wasichana iwe na mwalimu au mzazi wa kike. Na mtoto ajue jina la mtu mwingine, nje ya timu, wa kumweleza.

Mwenyekiti ananionyesha kidole kimoja, natumai anamaanisha dakika moja, si onyo. Nilitaka kuongea kuhusu zawadi za fedha na mawakala wanaozungukia vijana mara tu wanaposhinda mbio moja, lakini hiyo ni jioni nyingine. Niseme tu kwamba mkataba wowote wa mtoto usomwe na mzazi, na kama ni wa Kiingereza, asomewe kwa Kiswahili neno kwa neno kabla hajaweka dole gumba.

Baada ya hapa tunakwenda wapi? Mwaka huu wa 2026, mwezi Oktoba na Novemba, Dakar inaandaa Michezo ya Olimpiki ya Vijana, mara ya kwanza tukio la Olimpiki kufanyika katika bara letu. Itakuwa vyema kupeleka vijana wazuri, na waende kushindana na kujifunza. Ila naomba wale wasiochaguliwa, na hasa wale walio chini yao kwa mwaka mmoja, wasiachwe wakisubiri mashindano yajayo bila kazi.

Nimewaletea karatasi kwa kila shule, iko mezani pale pa chai. Ina safu za jina, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, urefu mara nne kwa mwaka, siku za mazoezi, siku za maumivu, na sehemu ya kuandika mtoto amejifunza nini kipya muhula huo. Hakuna safu ya medali. Nawaomba muanze muhula ujao na mniletee karatasi zilizojazwa, hata zikiwa na matope ya uwanjani. Tukiwa na shule kumi tu zenye rekodi za miaka mitatu mfululizo, tutaweza kukaa na Riadha Tanzania na Baraza la Michezo la Taifa tukiwa na kitu mkononi, tuzungumzie kubadilisha makundi ya umri na vifaa vya shule badala ya kuomba jezi.

Karatasi zikiisha, tutachapa nyingine. Na kwa maswali, naomba yule mwalimu wa Hanang aliyeinua mkono tangu hoja ya pili, nilipomtaja mtoto mwembamba, apewe nafasi ya kwanza. Naona ana ugomvi na mimi.